Maskati hadi Sur: pancha iliyotupatia wenyeji

Petroli ndiyo kitu pekee cha bei nafuu tulichokikuta Oman. Lita moja haifiki robo rial, na mume wangu, ambaye Tanga hujaza mafuta ya elfu ishirini ishirini, safari hii alijaza tenki mpaka juu kwa furaha. Mengine yote yalitutoa jasho. Gari dogo la kukodi lilikuwa rial 14 kwa siku kabla ya bima, na chumba cha Maskati kilikula fedha ambazo Pangani zingetulaza ufukweni wiki nzima. Rial moja ni zaidi ya shilingi elfu sita, lakini mkononi ni kipande kimoja tu cha karatasi, nayo inatoka upesi.

Maskati tuliipitia haraka. Sisi tulitaka pwani. Barabara inayotoka Quriyat kwenda Sur ni pana na laini, bahari kushoto, milima ya mawe matupu kulia, bila mti hata mmoja wa kivuli. Kule magari hupita kulia, kwa hiyo kila kipilefti nilikuwa nasema kwa sauti, "Kulia, baba, kulia." Tulikwenda polepole, tukisimama tunapotaka. Pale Bimmah kuna shimo kubwa lenye maji ya kijani, ambalo wenyeji husimulia kuwa nyota ilianguka hapo. Wataalamu wanasema ni mwamba wa chokaa uliodidimia. Kuingia ni bure. Tulikaa na miguu majini, samaki wadogo wakitudonoa vidole, tusitake kuondoka.

Tulipoacha lami kuelekea ufukwe wa Fins, kwenye njia ya kokoto, tairi la nyuma likapasuka. Tairi kupasuka si ajabu. Kilichoniudhi ni kwamba tulipolishusha la akiba tulilikuta halina upepo, na jeki haina mpini. Siku ya kukabidhiwa gari, kijana wa ofisini alifungua buti, akatuonyesha, akatuhakikishia kila kitu kipo na kizima, kisha akachukua dhamana yetu ya rial 100. Sasa simu ya ofisi iliita mpaka ikakatika. Ilikuwa saa nane mchana, na hata Januari jua la kule haliombi ruhusa. Mume wangu alisema tutembee hadi barabarani, nami nikakataa kuacha mizigo, tukaanza kubishana pale pale juu ya kokoto.

Pikapu nyeupe ikasimama, ndani yake mzee wa kanzu na kofia ya kushonwa kwa mkono. Hakutuamkia kwa Kiarabu. Alisikiliza ugomvi wetu kidogo, akasema, "Wanangu, mnaumiza vichwa bure. Tairi lina fundi wake Tiwi. Lipakieni twende."

Nilisema "Shikamoo" kabla akili haijanijia. Akaitika "Marahaba," kisha akanyamaza, akafuta macho kwa ncha ya kilemba kilichokuwa begani. Alituambia ni miaka mingi hajaamkiwa hivyo na watu waliotoka moja kwa moja pwani ya kwetu.

Alizaliwa Unguja, mtaa wa Mkunazini. Mwaka 1964, akiwa na miaka tisa, aliondoka na mama yake na wadogo zake. Walikaa kwanza Dubai, na baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, wakaja Oman kama walivyokuja wengi wa kutoka Zanzibar. Hayo aliyasema kwa maneno machache mno. Maneno mengi aliyaweka kwenye matunda. Shokishoki bado zinauzwa kwa mafungu? Doriani bado zinaletwa sokoni Darajani? Mabungo je? Mume wangu akamweleza juisi ya mabungo inavyouzwa siku hizi kwenye chupa, na mzee akataka kujua kama wanaitia sukari nyingi.

Fundi wa Tiwi aliziba pancha na kujaza upepo tairi la akiba. Mzee alikataa katakata tulipe. Akatuongoza mpaka nyumbani kwake Sur, ambako mkewe, mzaliwa wa Pemba, alikuwa ameshapigiwa simu. Tulikula nguru wa kuchoma na wali wa nazi, na nazi, alivyotwambia mama yule, inatoka Salalah. Ndipo mzee akatukumbusha Ibn Battuta, msafiri wa kale kutoka Morocco. Msafiri yule alifika Kilwa mwaka 1331, akapanda na pwani hadi huku, akatembea kwa miguu kutoka Sur kwenda mji wa Qalhat pamoja na kiongozi aliyetaka kumdhulumu, akafika miguu imevimba hawezi hata kukanyaga. Na kitu alichokisifu Qalhat kilikuwa samaki: waliochomwa juu ya majani ya mti, wakaliwa kwa wali wa mchele ulioletwa kutoka India. Mzee alilisimulia hili huku akiniongezea kipande cha nguru, na mimi sikuwa na nguvu ya kukataa.

Asubuhi alitupeleka kuona Fatah al-Khair, jahazi lililoundwa Sur mwaka 1951, likasafiri mpaka pwani yetu, likaishia kuuzwa Yemen. Watu wa Sur walichanga fedha wakalinunua na kulirudisha. Sasa limewekwa nchi kavu, limepakwa mafuta, linatunzwa. Kisha akatuingiza katika nyumba ya zamani na kunyoosha kidole juu: dari ya boriti za mikoko. Mikoko ya Rufiji na Lamu, iliyopakiwa hapa kwetu, ikasubiri kusi, ikasafirishwa kwenda kuezeka nyumba za nchi isiyo na miti.

Tuliporudi Maskati tulipita Qalhat kwa mwendo wa taratibu. Kaburi la Bibi Maryam limesimama peke yake kwenye kilima, na mji wote wa kale umeingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2018. Nilifikiria Tongoni. Magofu ya Tongoni yapo kilomita chache kusini ya Tanga, kando ya njia ya Pangani, na yana makaburi ya nguzo ambayo nguzo zake nyingi zimeanguka. Nimepita pale toka utotoni kwenda harusi na misiba, na sikuwahi kuwaambia wanangu washuke waangalie. Watu wa Sur walichanga kwa ajili ya jahazi moja. Sisi tuna mji mzima, na bahari inaendelea kuula.

Kwenye bonde la Wadi Shab tulivushwa kwa boti, rial moja kila mtu, kwa maji ya dakika chache. Nilinung'unika njia nzima, maana pantoni ya Pangani inatuvusha kwa sarafu.

Ofisi ya gari ilikata rial 20 kwenye dhamana yetu kwa tairi lililozibwa, wala haikutaka kusikia habari ya la akiba. Nilidai nikachoka. Rial 20 hizo zinaniuma mpaka leo, lakini namba ya simu ya mzee ninayo, na binti wa dada yangu anaishi Unguja. Msimu wa shokishoki ukifunguka atanunua mafungu matano, atayafunga vizuri, na kuna jamaa anayesafiri Maskati mwezi huo ambaye ameshakubali kuyabeba.