Asilimia 25

Enzi za setilaiti, kompyuta yoyote kuukuu ilitosha kuwa ruta, yaani mashine ya kuelekeza trafiki ya intaneti. Megabiti mbili tatu za mtaa mzima haziitoi prosesa jasho. Kisha mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zikafika Mombasa, bei ikashuka, na kampuni yetu ndogo ya intaneti pale Umoja, Nairobi, ikajikuta inapitisha trafiki ambayo mashine yetu haikuizoea.

Jioni moja mwaka 2011 simu zikaanza kumiminika. Wenye saiba wanalalamika, wapangaji wanalalamika. Bosi akaja kusimama nyuma yangu.

"Prosesa inatumika asilimia 25 tu. Ruta iko sawa. Wapigie hao wanaotuuzia laini."

Nikabonyeza 1 kwenye top, programu inayoonyesha prosesa inavyotumika, na kori zote nne, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kila moja kivyake, zikajipanga moja moja. Moja imefika 100. Tatu zimelala.

"Mia gawanya kwa nne, bosi."

Akanyamaza.

Kadi ya mtandao hubisha hodi kwa prosesa pakiti, yaani vipande vya data, zinapoingia, na ile yetu ya bei rahisi ilikuwa na foleni moja, hivyo hodi zote ziliiangukia kori moja. Tena kinachoichosha ruta ni wingi wa pakiti, hata kama megabiti ni chache. Laini ya gigabiti moja ikijaa pakiti kubwa za baiti 1,500, ni kama 81,000 kwa sekunde. Zikiwa ndogo kabisa, zinafika milioni 1.488. Usiku ule mteja mmoja alikuwa na kompyuta yenye virusi, inatapika vipakiti vidogo bila kupumua. Tukamfungia, mtandao ukarudi.

Kesho yake nikashuka Luthuli Avenue, kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Nilitaka kadi ya Intel yenye chipu ya 82576: milango miwili, na kila mlango una foleni hadi 16. Nikaipata, imetolewa kwenye seva iliyostaafu. Muuzaji aliponiona naipima kwenye tundu refu la mashine ya ex-UK, mtumba wa Uingereza, akacheka.

"Dada, hapo ni pa kadi ya picha."

"Ruta haitazami picha."

Matundu ya kadi ya zamani, ya PCI, hugawana njia moja ya megabaiti 133 kwa sekunde, na kila pakiti hupita hapo mara mbili, ikiingia na ikitoka. Lile refu ni PCI Express. Prosesa ileile ukiihamishia njia pana inakuwa mashine nyingine. Hilo wauzaji wanaosifia gigahezi, kasi ya prosesa, hawakwambii.

Diski niliitoa, Linux ikawa inawaka kutoka flashi. Nikazima irqbalance, programu inayozigawa hodi yenyewe, nikaifunga kila foleni kwenye kori yake, halafu nikaishambulia kwa pktgen, zana ya kutengeneza pakiti za majaribio, kutoka mashine ya pili. Anwani za chanzo nilizibadilisha kila mara, maana kadi huchagua foleni kwa hesabu ya anwani. Mtiririko mmoja ungeishia kori moja tena. Kori zote nne zikapanda pamoja.

Bosi alikuwa ameshika karatasi ya bei ya ruta ya kuagiza kutoka nje. Akaikunja.

"Na hii ikikufa saa nane usiku?"

Swali la maana kuliko yote aliyouliza wiki ile. Jumatatu tukaenda naye Luthuli kutafuta kasha la pili la akiba, na kwa kubembeleza bei alinizidi mbali.