Shule ndogo ina raha yake

Mi huwa nashangaa watu wakisema shule ndogo ya sekondari haina kitu, eti maabara kachumba, walimu wachache. Sawa, ila mwalimu akitaka kutoka na kidato kizima kwenda mtoni haombi mabasi, wanatembea tu, wakifika wanachota maji kwenye chupa, wanapima asidi, wanageuza mawe kutafuta wadudu, wakikuta minyoo myekundu mitupu wanaanza kuhisi maji yana shida (oksijeni iko chini), halafu anaitwa mzee wa pale anaulizwa mto ulikuwaje zamani. Baiolojia, kemia na historia kwa mpigo mmoja. Na wala si mambo mapya, John Dewey, yule mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alianzisha shule yake Chicago mwaka 1896, watoto wakawa wanapika na kufuma humohumo darasani wanajifunza sayansi.

Nisichokipenda ni ile ya kupeleka wanafunzi kufagia mtaa siku moja, picha zinapigwa, kisha kimya. Majibu ya vipimo yapelekwe kwa wanaoutumia huo mto, watoto wenyewe ndo wayaelezee, na wajiandae, maana maswali watakayoulizwa hayamo kwenye silabasi yoyote aisee.