Nilivyochagua lenzi ya kuvuta mbali kwa mpira wa mtaani na ndege wa Ziwa Tanganyika

"Hiyo inavuta mpaka wapi?" Hilo ndilo swali la kila anayenikuta na kamera pembeni ya uwanja, iwe Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma. Wauza lenzi nao wanajibu swali hilohilo hata kabla hujauliza. Mimi kilichoniamulia ni vitu viwili vingine: nasimama umbali gani na ninachokipiga, na mwanga wa hapo ukoje.

Kamera yangu ni Canon 700D, ile yenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea picha) ndogo ya milimita 22.3 kwa 14.9. Ukiijua sensa yako, hesabu ni rahisi mno: chukua 15 (kimo cha sensa yangu), zidisha kwa umbali wa mita, kisha gawa kwa milimita za lenzi, ambazo zikiwa nyingi ndivyo inavyovuta mbali zaidi. Jibu ni kimo cha eneo litakaloingia kwenye picha ukiishika kamera kwa ulalo. Mchezaji aliye mita 30, kwa lenzi ya 200, anapewa mita 2 na robo. Anaenea kuanzia njumu mpaka nywele, na nafasi kidogo ya mpira inabaki. Akiwa mita 60, hata 300 inakupa mita 3, kwa hiyo anaanza kuonekana mdogo. Nilizipima hatua zangu uwanjani kwa hesabu hiyo nikaona kwamba nikikaa nyuma ya mstari wa goli, karibu na kibendera cha kona, picha nzuri karibu zote zinatokea kati ya mita 10 na 40. Kinachotokea katikati ya uwanja nimeamua kukiacha kipite.

Rafiki yangu mmoja aliniazima lenzi yake ya 55-250, yaani inayovuta kutoka milimita 55 hadi 250, na hiyo ndiyo iliyonifundisha kuliko video zote nilizotazama. Kila picha huhifadhi ndani yake milimita zilizotumika, namba ya f (ukubwa wa tundu la mwanga), spidi ya shata (sehemu ya sekunde ambayo kamera hufunguka) na ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga). Nilizifungua kwenye kompyuta nikazisoma moja moja. Za mpira zilikuwa zimetawanyika, nyingi zikianzia 100 hivi kwenda juu. Za ndege zilikuwa zimegota 250 zote, na bado ndege alikuwa mdogo. Mdiria yule mweusi na mweupe, anayepiga mbawa palepale hewani kabla ya kujitupa majini, ana urefu wa kama sentimita 25. Akiwa mita 15, lenzi ya 300 inampa robo tu ya upana wa picha. Kwa 600 angepata karibu nusu.

Ndiyo maana nilivutwa sana na Sigma 150-600. Ni lenzi halali kabisa kwa mtu wa ndege. Lakini ina karibu kilo 2, na ikianzia 150, mchezaji anapokuja kupiga kona mita 8 kutoka nilipo, picha inabeba sentimita 80 tu: kifua na kichwa. Mpira wenyewe uko chini, nje ya picha! Nikaiacha.

Upande wa pili kuna 70-200 ya f/2.8, ambayo wapiga picha wa magazeti hawaiachi. Namba hiyo ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa, f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya f/5.6. Kwa mechi za usiku chini ya taa sioni mbadala wake. Ila mechi zangu zinaanza saa kumi jioni, na Kigoma tuko magharibi kabisa ya nchi ingawa saa zetu ni zilezile za Dar es Salaam. Jua letu linachelewa kuzama kwa dakika kama 40 ukilinganisha na la kwao. Kipindi cha pili kikiisha, mwanga bado upo, tena ule wa dhahabu. Nikisimama na mgongo ziwani, jua linawapiga wachezaji usoni, na f/5.6 inanitosha kwa spidi ya 1/1000 kwenye ISO 400 au 800. Wakati wa masika, mawingu yakifunga, napanda ISO 1600, mara nyingine 3200, na chenga, zile chembechembe zinazotokea kwenye picha, navumilia. Kulipa pesa nyingi zaidi na kubeba kilo moja na nusu kwa ajili ya siku hizo chache, kwangu hapana.

Zikabaki za 70-300. Hapa uwe macho, kwa sababu inayopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu ni 75-300, na kwa haraka mtu anaweza kudhani ni kitu kimoja. Ile 75-300 haina kidhibiti mtetemo, na kwenye milimita 300 hata pumzi yako inaonekana. Niliyoitaka ni EF 70-300 IS II USM, iliyotoka mwaka 2016: ina kidhibiti, mota yake inafuata mchezaji kwa haraka, na uzito wake ni gramu 710. Kidhibiti, hata hivyo, kinatuliza mkono wako tu. Mtu anayekimbia hatulizwi na chochote isipokuwa spidi ya shata, kwa hiyo chini ya 1/500 sishuki kwenye mpira.

Mpya sikuiweza, nikatafuta iliyotumika, Dar. Binamu yangu alikwenda kuitazama huku tukiongea kwa simu. Nilimwambia awashe tochi, aipitishe kwenye kioo kutokea nyuma.

"Kaka, humu ndani kuna nyuzi nyeupe kama utando wa buibui."

"Iache hapohapo."

Ule ni ukungu, yaani kuvu. Unakula kioo polepole, na kusafisha kwake ni gharama. Muuzaji alisema eti ni vumbi la kawaida. Kwa muuzaji mwingine tochi haikuonyesha kitu. Binamu akaielekeza lenzi chini kuona kama inashuka yenyewe, akabonyeza shata nusu kusikiliza kama fokasi inakwama, kisha akapiga ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani, kwa 300 na f/5.6, akanitumia picha halisi bila kupitia WhatsApp. Herufi za pembeni zilisomeka. Ikasafiri kwa basi, imefungwa ndani ya blanketi la mtoto.

Sasa inafanya kazi zote mbili. Ufukweni Kibirizi, dagaa wakianikwa, mwewe wanashuka kuiba mita chache kutoka kwa watu, na hapo 300 inatosha na kubaki. Adui ni mchanga: lenzi hii hurefuka unapovuta na kuingiza vumbi, hivyo kiangazi siifungui kutoka kwenye kamera nikiwa nje.

Mahali iliponishinda ni Gombe, hifadhi ya sokwe. Msituni mnakaa mita 10 kutoka kwa sokwe, flashi hairuhusiwi, na chini ya miti ni giza hata saa sita mchana. Umbali huo, 300 inakata nusu mita tu. Kule nabeba 50mm ya f/1.8, lenzi ya bei rahisi kabisa, inayoingiza mwanga karibu mara 10 ya f/5.6. Hiyo 70-300 inatoka begini tukishapanda boti ya kurudi Kibirizi, kwa ajili ya furukombe kwenye miti ya ufukweni, na naiweka 1/1600 kwa sababu boti yenyewe inarukaruka.