Kichwa cha nguruwe mwitu na mwiko wa pongo

Kazi yangu hapa Edinburgh ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Mmoja wao ni wa ukoo wa Campbell, miaka tisini kasoro, na sebuleni kwake kuna fremu kubwa yenye ngao iliyogawanywa mara nne. Robo mbili zina vipande vya dhahabu na vyeusi vinavyokutana katikati, robo mbili zina merikebu nyeusi. Chini limeandikwa jina Campbell kwa herufi za kizamani. Kila nilipofuta vumbi pale niliamini hiyo ndiyo nembo ya familia yake, na siku moja nikamsifia.

Mzee akatikisa kichwa. Akaniomba nifungue droo iliyo karibu na kitanda chake. Ndani ya kijaluba kulikuwa na pini ya fedha iliyochakaa: kichwa cha nguruwe mwitu, na kukizunguka mkanda wenye bizimu, ulioandikwa kwa Kilatini Ne Obliviscaris, yaani usisahau. Akaniambia ile ya ukutani marehemu mke wake aliinunua dukani, na aliiacha pale kwa kumheshimu. Ile ni ngao ya mtu mwingine. Hii pini ndiyo yake kuivaa.

Nilikaa kitandani pale nikiwa na pini mkononi, naye akanieleza jambo ambalo tangu nifike Uskoti sikuwa nimelielewa. Nembo hapa si ya jina la ukoo. Ni ya mtu mmoja. Ngao ile ni mali ya mkuu wa ukoo wa Campbell, Duke wa Argyll, na watu wengine wote wenye jina hilo, hata wawe ndugu zake wa damu, hawana haki ya kuichukua kama yao. Walichoruhusiwa ni kuvaa kile kinachokaa juu ya kofia ya chuma ya mkuu, kichwa cha nguruwe mwitu, mradi kizungukwe na mkanda. Mkanda ule ndio unaosema: mimi si mkuu, mimi ni mtu wake. Ukiuondoa umejifanya yeye.

Na si suala la adabu tu. Hapa mjini, New Register House, mwisho wa Princes Street, kuna mahakama kamili ya nembo, na mkuu wake anaitwa Lord Lyon. Ina hadi mwendesha mashtaka wake. Sheria ya mwaka 1592 ilimpa mamlaka ya kuwaadhibu wanaojitwalia nembo, na ile ya 1672 ikaanzisha daftari ambalo mpaka leo kila ngao halali ya Uskoti huandikwa humo. Donald Trump alipotangaza uwanja wake wa gofu kule Aberdeenshire kwa nembo isiyosajiliwa, aliambiwa aache, na mwaka 2012 ndipo uwanja ukapata yake iliyoandikishwa. Mtoto anayerithi huichukua kama ilivyo, lakini wadogo zake hutakiwa kuiandikisha upya ikiwa imeongezewa alama, mara nyingi ukingo wa rangi, ili isiwepo ngao moja ya watu wawili waliopo.

Watumishi wa mahakama hiyo niliwaona kwa macho Septemba 2022, siku Mfalme Charles alipotangazwa hapa mjini, pale Mercat Cross. Nilisimama mbali, lakini nguo zao huwezi kuzikosa: majoho mafupi yaliyotariziwa simba wekundu kwenye dhahabu, kifuani, mgongoni na mikononi. Zamani askari wa farasi walivaa alama zao juu ya deraya namna hiyohiyo, kwa kuwa uso ukishafunikwa na chuma hakuna anayejua rafiki ni nani na adui ni nani. Ndiyo sababu ya kanuni yao kubwa ya rangi: dhahabu na fedha huhesabiwa madini, na rangi haiwekwi juu ya rangi wala madini juu ya madini, ili alama isomeke kwa mbali. Nilipoijua kanuni hii nikaiangalia upya bendera yetu ya Tanzania. Kijani, weusi na buluu havigusani popote. Kila mahali kuna mstari wa dhahabu katikati. Nimeiimbia bendera hiyo miaka saba ya shule ya msingi, asubuhi kwa asubuhi, na sikuwahi kuuona mstari ule kwa jicho hilo.

Yote haya yalikuja kunifaa kwa mwanangu. Tulipita duka moja la watalii, wanaandika jina lako kwenye kompyuta wanakuchapia nembo. Akaandika letu, halikutokea. Muuzaji akampa la Kiingereza linalofanana nalo kwa sauti. Mtoto alitoka ameinamisha kichwa, na mimi roho iliniuma sana, maana alielewa kwamba sisi hatuna.

Jioni nikampigia baba Bukoba, mtoto akiwa pembeni, spika imewashwa. Nikamwomba amweleze muziro. Baba akaanza palepale, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa. Sisi Wahaya kila ukoo una mwiko wake, mnyama au kitu ambacho hauli wala hauumizi. Wetu ni pongo, yule swala wa msituni mwenye madoa ubavuni. Ukikutana na mtu wa pongo, hata awe ametoka mbali kiasi gani, huyo ni ndugu na humuoi. Ng'ambo ya mpaka Baganda nao wana wao: wako wa kamongo, wa senene, wa mbega, na kila ukoo una mdundo wake wa ngoma, omubala, ambao wenyewe wakiusikia wanajua wanaitwa. Kaulimbiu ya Campbell imeandikwa kwenye mkanda. Hiyo ya Baganda inapigwa.

Kinachonigusa ni kwamba pongo hana mkanda. Hapa ngao ni ya mmoja na wengine wanajishikiza kwake. Muziro baba anao mzima, mimi ninao mzima, na kitoto kilichozaliwa jana kwa baba mdogo kinao mzima, bila daftari wala ada, na hakuna fundi wa kumchora pongo kwa sababu hachorwi. Anatunzwa kwa kutomla.

Mwanangu akauliza swali ambalo hatukulitarajia. Shuleni kwao mara nyingine wanapikiwa nyama ya ayala, yule anayeitwa deer huku. Je, anaruhusiwa? Simu ikanyamaza. Baba hajawahi kumwona ayala ila kumsoma kwenye Zaburi. Akauliza: ana pembe? Ana. Anakula majani? Ndiyo. Ana madoa ubavuni? Nikasema mtoto wake anayo. Baba akashusha pumzi, akasema atamuuliza dada yake mkubwa, maana mambo ya mwiko shangazi ndiye anayeyajua.

Shangazi bado hajajibu. Mtoto amejiandikisha chakula cha mboga mpaka jibu litakapofika.