Jengo la makumbusho la Norris, Yellowstone

Leo mchana tumefika Norris, eneo la chemchemi za maji moto ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone nchini Marekani, na tangu tutoke huko jengo dogo la makumbusho lililotupokea halijanitoka akilini.

Lilijengwa mwaka 1929 hadi 1930 kwa mchoro wa msanifu Herbert Maier, aliyetaka majengo ya hifadhini yaafikiane na ardhi yanaposimama. Chini ni mawe makubwa ambayo hayakulainishwa, juu ni magogo mazima, na paa ni la vigae vya mbao.

Kilichonigusa zaidi ni ukumbi wa katikati, usio na milango, unaotenganisha vyumba viwili vya maonyesho.

Unaacha misonobari nyuma yako, unapita kwenye kivuli cha magogo, na mara bonde la Porcelain linafunguka mbele yako, jeupe, likifuka mvuke na kunuka salfa.

Mama, ambaye amekuja kututembelea kutoka Tanga, alisimama hapo kwa muda mrefu, kiganja kikiwa juu ya jiwe la ukuta.

“Subhanallah,” akasema, kisha hakuongeza neno.

Maier alisanifu pia makumbusho ya Madison, Fishing Bridge na Old Faithful, humo humo Yellowstone. La Old Faithful lilibomolewa, na kwa kweli nimelisikitikia jengo ambalo sikuwahi kuliona.

Ndugu zangu, ni jengo gani la hifadhini, iwe Serengeti, Tsavo au kwingineko, mliloona limejengwa kwa heshima ya namna hii? Naomba mniandikie, na picha mkiwa nazo.