Swali Aliloliuliza Bibi

Mdogo wangu, ambaye ndiyo kwanza anaanza utafiti wake wa historia simulizi, aliniandikia jana: "Dada, naomba ile orodha yako ya maswali." Orodha ninayo na nitamtumia. Ila tangu jana akili yangu iko Korogwe, kwenye ua wa mzee mmoja, siku nilipofundishwa kazi hii.

Tulikuwa tukikusanya kumbukumbu za manamba, vijana walioandikishwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kutafuta vibarua, kuanzia 1944 na kuletwa kwenye mashamba ya mkonge kutoka Kigoma, Songea, Njombe na kwingineko. Kwanza tulisoma nyaraka. Humo nilikuta tani za mkonge wa nchi nzima: zaidi ya 200,000 mwaka 1964. Mwalimu wetu alisema karatasi za mwenye shamba zinajua jani lilipofika korona, yaani mashine ya kutoa nyuzi, hazijui lilikatwaje. Akatuelekeza tuanze na kazi ya mikono. Ukimwuliza mzee maisha yalikuwaje, atakupa jibu alilokwisha kuwapa wageni wote. Muulize kipande chake, yaani kadi ya siku za kazi, alikificha wapi mvua ikinyesha.

Basi, baada ya shikamoo na chai, nikabonyeza kinasa sauti, nikauliza: "Babu, jani la mkonge mtu huanzia wapi kulikata?"

Hakujibu. Alimwita mjukuu alete panga, akainuka, akaenda hadi kwenye mkonge uliokuwa umeota pembeni mwa ua. Kinasa sauti kikabaki mkekani, karibu na Bibi aliyekuwa akichambua maharage. Babu alishika jani kwa mkono wa kushoto, akageuza uso pembeni, panga likapita nchani. "Mwiba kwanza, mwanangu. Ukiuacha, unamngoja anayekuja nyuma yako." Ndipo akakata shinani, akalilaza jani chini, akashika la pili. Mgongo ulikuwa umenyooka kuliko nilivyomwona akitupokea. Alikata la tatu. Halafu akasimama, panga likining'inia.

"Nyuma yangu alikuwa mwenzangu wa Kasulu," akasema. "Jicho lake lilibaki kule."

Nilikuwa na swali mdomoni. Mwalimu aliinua kiganja kidogo tu, nikanyamaza. Ukapita muda ambao hata leo nikiusikiliza kwenye kanda natamani kuukatiza. Kuku wanasikika, na maharage yakidondoka kwenye ungo. Kisha maharage yakaacha kudondoka.

"Huyo hujawahi kunitajia," Bibi akasema.

Babu akaeleza akiwa kule kule, amempa mgongo. Kipande kilikuwa na visanduku 30, na mshahara ulitoka vyote vikijaa. Vya mwenzake havikujaa. Wakampandisha lori kurudi kwao.

Bibi akauliza: "Mama yake ulikwenda kumwona?"

"Sikurudi Kasulu."

"Ndiyo maana hukurudi?"

Babu hakumjibu. Alirudi mkekani, akaketi, na tukaendelea na mambo ya posho na wanyapara mpaka jua likashuka. Alisimulia vizuri sana, lakini mimi nilikuwa nimebaki kwenye lile swali la Bibi. Halikuwa kwenye orodha yangu na lisingeweza kuwamo. Lilihitaji miaka yote ya kuishi na mtu huyo. Sijui hata leo kama tulikuwa na haki ya kuwapo lilipoulizwa.

Wote wawili wametangulia mbele ya haki. Kanda ipo, na familia ina nakala. Kwa kuwa kinasa sauti kilibaki mkekani, sauti ya Bibi ndiyo inayosikika safi. Ya Babu inatoka mbali, mpaka uinamie spika. Lakini fomu ya ridhaa ilikuwa na mstari mmoja wa sahihi, na aliyetia dole gumba ni Babu. Kwenye jalada limeandikwa jina lake na jina langu, msimulizi na mhoji. Nimeshaomba mara nyingi Bibi naye aandikwe. Huulizwa aandikwe kama nani, nami kila nikitaka kusema msimulizi, nakumbuka kwamba siku ile aliyehoji ni yeye. Tena kumwandika ni kumtangaza, naye hakuna aliyemwomba ruhusa.