Fedha ya kuvaliwa, ndani ya kanisa la Mkunazini

Sisi mafundi wachache wa fedha, pamoja na wachoraji wawili wa hapa mjini, tunazungumza juu ya kuomba ruhusa tuoneshe kazi zetu ndani ya Kanisa la Kristo, Mkunazini. Wengi wakisikia, la kwanza kuuliza ni dini: kanisani, na wengine wenu Waislamu? Mama yangu naye aliuliza hivyo hivyo. Kwangu mimi hilo si zito. Sisi wa Mji Mkongwe tumekua tukipita pale tukienda skuli, tukienda Darajani, na mnara wa kanisa lile ni wa mtaa wetu sote. Linaloninyima usingizi ni mapambo yenyewe. Picha ina ukuta wake, itajisimamia. Lakini mkufu, herini, kikuku, vitu ambavyo havina maana bila ya mwili wa mtu, utaviweka vipi mahali palipouzwa miili ya watu?

Habari ya pale kila mtembeza wageni anaijua. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Edward Steere ndiye aliyelisimamia, na amezikwa humo humo nyuma ya madhabahu. Mbele ya madhabahu sakafuni kuna duara jeupe la marumaru, kuonesha pale inaposemwa watu walikuwa wakifungwa na kuchapwa. Utaoneshwa pia msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ule ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone, mmishonari na msafiri wa Kiskoti, na zile nguzo karibu na mlango ambazo mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu Steere akiwa safarini. Nguzo zile nazipenda sana. Hakuna aliyezing'oa, na kanisa limesimama.

Kuna jambo moja lakini ambalo sijawahi kumsikia mtembeza wageni akilisema. Mwaka 1811 ilifika Unguja meli iliyotumwa na Waingereza wa Bombay, na nahodha wake, Thomas Smee, akaandika alichokiona sokoni. Wakati huo soko lilikuwa bado halijahamia Mkunazini, ila biashara ni ile ile. Anasema ilianza kama saa kumi za alasiri. Watu wa kuuzwa walisafishwa ngozi wakapakwa mafuta ya nazi mpaka wakang'ara, wakachorwa usoni mistari myekundu na myeupe, kisha mikononi, puani, masikioni na miguuni wakajazwa vikuku vya dhahabu na fedha na vito. Wakapangwa mstari, wadogo mbele, wakubwa nyuma.

Nilipoyasoma hayo niliweka tupa chini. Vikuku vile havikuota mtini. Alikuwapo sonara aliyevifua, mtu wa kazi yangu, pengine alikaa kwenye kibaraza kama changu. Na sidhani hata kidogo kwamba baada ya bei kukubaliwa viliondoka na aliyeuzwa. Vilivuliwa, vikangoja mwengine kesho. Pambo lilikuwa sehemu ya bei.

Basi nikaenda tena kulitazama lile shimo lililo kwenye uwanja wa kanisa, sanamu za Clara Sörnäs wa Sweden, za mwaka 1998. Watu watano wamesimama ardhini, chini ya usawa wa miguu yetu, na mnyororo unatoka shingo hadi shingo. Inasemwa mnyororo wenyewe ni wa kweli, wa zama zile. Watu huinama kuzitazama nyuso. Mimi nilitazama viungo. Kila pete imekunjwa na kukutanishwa ncha, kama ninavyokunja pete za mkufu, ila hii ni chuma kinene na hakuna mahali pa kufungulia. Mkufu wangu una ndoana ndogo nyuma, unaishika kwa kidole gumba na cha shahada, unaufungua mwenyewe, hata gizani. Nilisimama pale mpaka jua likanichoma kisogo, nikaondoka na sharti moja: kila nitakachokiingiza kanisani kiwe kinafunguliwa na mkono wa anayekivaa. Hakuna kikuku cha kusukumwa kwa nguvu, hakuna bangili ya kulehemiwa mkononi, ingawa zinapendwa sana siku hizi.

Sharti la pili lilikuja lenyewe. Vile vishingo vya mahameli nyeusi wanavyotumia wenye maduka kuonesha mikufu, shingo na kifua bila kichwa, sivitaki humo ndani. Mwenzangu mmoja alishaagiza kadhaa. Nilimpeleka kwenye lile shimo, sikumwambia neno, na jioni yake alinipigia simu kusema amevirudisha. Tutatandika mikeka ya ukindu upande wa zile nguzo zilizopinduka, mbali na madhabahu, na vitu vilale juu yake. Atakaye kuona achutame. Kwenye vile vyumba vya chini vyenye dari fupi, wanavyooneshwa wageni, hatutaweka chochote.

La tatu ndilo tunalogombania mpaka leo: bei. Nataka kusiwe na kikaratasi cha bei popote ndani ya kuta zile, wala mtu kuuziwa kitu mlangoni. Mzee aliyenifundisha kazi hakubali. Nilimfuata kibarazani kwake nikamwamkia, akaitika, akanisikiliza huku akipuliza kalibu. Kisha akasema, "Mwanangu, fundi hali sifa. Kitu kisichouzwa si kazi, hiyo ni amana ya watu." Nikamjibu kuwa duka liko palepale mtaani, atakayependa atafuata. Akacheka, akaniuliza nauli ya kuleta vitu atailipa nani. Ana haki yake, kwa sababu fedha imepanda na vijana wanaacha kazi hii. Lakini mimi siwezi kuitazama tarakimu imebandikwa karibu na kikuku mahali pale. Siwezi.

Yeye huyo mzee, hata hivyo, ndiye aliyenipa kitu cha kutengeneza. Alifungua kikopo akanitolea reale mbili za Maria Theresa, sarafu za fedha zenye sura ya malkia huyo wa Austria. Zote zina mwaka 1780, maana hata zilizopigwa karne moja baadaye ziliandikwa mwaka huo huo. Kila moja ina gramu 28, na katika sehemu 1,000 za uzito wake 833 ni fedha safi. Ndiyo iliyokuwa pesa ya pwani hii. Ilinunua karafuu, ikanunua pembe, ikanunua watu, na ikishachoka safari ilikwenda kwa sonara ikayeyushwa ikawa furungu, kikuku cha mguuni, la bibi harusi. Hivyo fedha iliyo kwenye masanduku ya bibi zetu, hakuna fundi anayeweza kukwambia ilipita mikononi mwa nani.

Reale moja nitaiyeyusha. Nitaifua bati jembamba, nilikunje liwe wazi ndani, niunge mshono wake, kisha kwenye mdomo nitie pini ya kuchomoa. Itatoka nyembamba mno, labda kikuku cha mtoto. Ya pili nitaiweka mkekani kama ilivyo, ubavuni mwake, sura ya malkia juu.

Barua ya kuomba ruhusa bado tunaiandika, na mzee ameahidi kuitia mkono endapo tu tutakubali kwamba anayependa kitu aandikwe jina lake daftarini nje ya uwanja. Nafikiri nitakubali.

Wakati huo nina ombi. Kama nyumbani kwenu, Unguja au Pemba, yapo mafurungu au mitali ya miguuni, majasi ya masikioni au vipini vya puani vya bibi, msiviuze kwa uzito kwanza. Mnaweza kutuazima kwa muda wa maonesho, vitapokelewa kwa maandishi na vitarudi kwenu. Jina la aliyekivaa likijulikana, liandikeni kwenye karatasi mkiambatanishe, pamoja na kijiji chake. Lisipojulikana, kileteni hivyo hivyo. Na kama kimevunjika, msikipeleke kuungwa, nataka kuona alivyokiunga fundi wa kwanza.